Mkono wa Kufunga

Kila mnapokuja kwangu hapa Kibiti, vijana, na injini zenu za boti mmezitia kwenye magunia, nawatandikia mkeka na kuwasikiliza shida zenu. Lakini kabla hamjafungua hata nati moja, lazima mmoja wenu aulize kama ni kweli nilifanya kazi na Shomari wa Kiongoroni. Macho yanamng'aa anapolitaja jina hilo. Haulizi kama Shomari alifanya kazi na mimi.

Ni kweli, nilifanya naye kazi. Nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia gereji, nikamwonea wivu alipooa, na siku ya kumzika nikawatazama watu walivyojaa nikamwonea wivu tena. Msinifundishe dini, naijua. Husuda ni kutaka cha mwenzio kimwondoke. Mimi sikutaka kimwondoke, nilitaka kiwe changu, na yeye atafute kingine.

Basi kaeni niwaeleze habari za sili za krenki, zile pete za mpira zinazouziba mhimili wa injini, maana ndizo zilizotugombanisha, na ndizo zinazowashinda ninyi mpaka leo.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Bwana Ramji, mfanyabiashara wa Kihindi, alikuwa na duka hapa Kibiti, na biashara yake kubwa ilikuwa boriti za mikoko kutoka huko kwenye vijito vya delta. Maboti yake yalikuwa na injini za kuning'iniza nyuma, zile za kuchanganya petroli na oili, ambazo ninyi mnaziita tu-stroku. Boti iliyopakia boriti haitoki kijitoni mpaka maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida. Bamvua likikupita kwa sababu injini imelala, mzigo unakaa kwenye matope na watu wanakaa nao, wanaumwa na mbu, wakingoja bamvua jingine. Kwa hiyo gereji ya Bwana Ramji, ambayo ilikuwa paa la bati tu nyuma ya duka, ilikuwa na watu wengi wanaoiombea dua.

Mkuu wetu alikuwa Fundi Issa, Mndengereko, aliyejifunzia injini jeshini wakati wa vita, huko Bama. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Wazazi wangu ni Wamatumbi, walishuka kutoka milimani kuja kulima huku, na mpaka nafika Kibiti sikuwa nimeona maji nisiyoweza kuyaruka. Injini za boti nilizijua kabla sijaijua boti yenyewe.

Fundi Issa alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona gereji nyingine. Kufungua injini ni ruhusa ya kila mtu. Kufunga ni mkono mmoja. Unaweza kufungua, kuosha, kukwangua moshi kwenye pistoni, kupanga vyombo kwenye gunia, lakini mahali pa sili pakishaoshwa, wote mnarudi nyuma na mwenye mkono anakuja kufunga. Na anapofunga hasemeshwi. Anapiga bismillahi, na kuanzia hapo hata salamu haiitikiwi mpaka boliti ya mwisho ya chumba cha krenki ikazwe. Bwana Ramji mwenyewe akija wakati huo alisimama nje juani na hesabu zake kichwani, akingoja. Aliyefunga ndiye baba wa injini. Ikiharibika anaulizwa yeye, ikienda vizuri linatajwa jina lake kwenye vijito vyote. Mimi niliutaka mkono huo kuliko nilivyotaka kuoa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnapokosea. Mnadhani sili ni kwa ajili ya kuzuia oili isichuruzike. Kwenye gari labda. Kwenye injini hizi, chumba cha krenki ni kifua. Pistoni ikipanda, kifua kinavuta petroli kutoka kabureta. Pistoni ikishuka, kifua kinabana na kuisukuma petroli ile juu kwenye silinda. Sili ya juu, chini ya gurudumu la kuwashia, na sili ya chini, kule karibu na maji, ndizo zinazokiziba kifua kisitoboke. Sili ikikatika, injini inavuta hewa mahali pasipotakiwa, petroli inakuwa nyepesi, na injini inapiga kelele kwa furaha ya uongo. Nahodha asiyejua anafurahi naye, anasema leo ina nguvu. Baada ya muda inachemka, pistoni inashika silinda, inanoki, na mnapiga makasia.

Nahodha mmoja, Farijala, aliwahi kutuletea injini iliyotufukuza sote gereji kwa harufu. Aliona oili inatoka kwenye sili ya chini, naye ni mtu wa majini, akafanya anachofanya mtu wa majini chombo kikivuja. Aliikalafati. Alichukua pamba, akaichovya kwenye mafuta ya papa, akaishindilia kuzunguka krenki kwa patasi na nyundo, kama anaziba mbao za mashua. Krenki ikaizungusha ile pamba ikaila yote. Mpira wa sili ulikuwa umevimba kama andazi. Paka wa mtaa mzima walikaa mlangoni kwetu wakati naiosha, na aliyeiosha ni mimi, kwa kuwa Shomari alikuwa ameitwa kula kwa Fundi Issa.

Shomari alikuwa amekuja baada yangu. Baba yake alikuwa fundi wa kuunda mashua Kiongoroni, na mtoto alikulia kwenye vumbi la mbao. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Alikuwa mrefu, mpole, ana sauti ya chini, na vidole virefu ambavyo ukimpa beringi alikuwa anaigusa huku amefumba macho, anakuambia iliyochakaa na nzima. Mimi nilikuwa naziangalia kwa jua mpaka machozi yanitoke ndipo nijue. Wake za manahodha walimletea mkate wa kumimina. Mimi niliyekaa pale zaidi yake nililetewa injini ya Farijala. Na kilichoniuma zaidi, Fundi Issa alimwita Shomari "mwanangu". Mimi aliniita "wewe".

Kitu kimoja nataka kijulikane. Ile mbinu ya karatasi ni yangu. Mnapopitisha sili kwenye krenki, pale penye mfereji wa kabari pana makali, na mdomo wa sili ukipita juu yake unakatwa pasipo ninyi kuona. Mimi ndiye niliyeanza kuviringa karatasi nyembamba ya sigara, nikaipaka grisi, nikaivalisha krenki, sili ikateleza juu yake, kisha nikaivuta karatasi nikaitupa. Leo kila gereji ya vijitoni mnaiita "karatasi ya Shomari". Nimesikia kwa masikio yangu, mtu ananifundisha mimi, hapa uani kwangu, karatasi ya Shomari.

Na ule mti wa kugongea sili, huo ni wake kweli, siukatai. Watu walikuwa wanagonga sili kwa nyundo na bisibisi, upande huu, upande ule, inaingia imepinda. Yeye alichonga kipande cha mkandaa, mti mgumu ule, akakitoboa katikati kikapita krenki, upana wake sawasawa na sili. Unakiweka juu, unagonga polepole, sili inashuka yote pamoja. Nilipokiona nilitamani nikitupe mtoni. Badala yake nikachonga cha kwangu, kikawa kibaya.

Basi macho ya Fundi Issa yakaanza kuingia mtoto wa jicho. Alikuwa anafunga kwa kupapasa. Siku moja, bamvua likiwa linakaribia na injini mbili za Bwana Ramji zimekuja pamoja, alituita akasema hatafunga yeye. Kila mmoja atafunga yake, na injini itakayokaa majini muda mrefu ndiyo itakayosema mkono uende kwa nani. Na atakayeupata atakwenda kukaa Kiongoroni, aangalie maboti yote ya boriti. Niliitazama mikono yangu nikaona haina kasoro. Usiku ule sikula.

Tukaanza kila mtu na meza yake. Nilifunga yangu kwa sheria zote. Mdomo wa sili wenye ile springi nyembamba unatazama ndani, kwenye kifua, ili pistoni ikibana hewa, hewa iukandamize mdomo kwenye krenki. Ukiugeuza, hewa inauinua, petroli inatemwa nje, na injini inakuwa legelege, inawaka gereji lakini mzigoni haivuti. Sili kavu haivalishwi, lazima grisi mdomoni, kwa kuwa mzunguko wa kwanza tu wa kavu unauunguza. Ya zamani hairudishwi, hata kama unaionea huruma. Nilimaliza mapema, nikasimama.

Sikuwa na kazi ya kutazama meza ya mwenzangu, lakini wivu hauna kope. Shomari alikuwa anaandaa sili ya chini. Akaipaka grisi, akaivalisha krenki karatasi, yangu, akaiweka sili na kuigonga kwa mti wake. Na mdomo wa sili ulikuwa unatazama nje.

Moyo wangu uliruka. Mnasema ningenyamaza. Ningenyamaza, injini yake ingekwenda Kiongoroni, ikashindwa kuvuta, na mkono ungekuwa wangu bila kelele. Hiyo ndiyo akili ya leo. Siku ile sikuweza kungoja. Fundi Issa alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, Bwana Ramji amesimama nje juani, na mimi nilitaka waone sasa hivi, wote wawili, kwamba yule "mwanangu" wake hajui. Nikavunja kimya.

"Shomari, sili yako inatazama baharini."

Fundi Issa aligeuza kichwa upande wangu. Shomari aliinua mkono kutoka kwenye mti wake, akanitazama bila hasira, na hilo nalo liliniudhi.

"Adui si maji?" aliniuliza. "Na maji si yako nje?"

Mtoto wa fundi mashua. Kwao kila kitu kinachozibwa kinazibwa ili maji yasiingie, na katika kukua kwake hajawahi kuona chombo kinachozibwa ili pumzi isitoke. Nikamweleza, tena kwa sauti ya kusikika mpaka dukani, habari ya kifua, ya kuvuta na kubana, kila kitu. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza vizuri namna ile kabla wala baada ya siku ile.

Akaitoa sili. Akachukua mpya, akaigeuza mdomo ndani. Kisha hakuigonga papo hapo. Alikaa anaiangalia. Akaingiza kidole kwenye tundu la sili, akatoa lile ringi nene la chuma lililokaa chini yake kujaza nafasi, akaliweka kando. Akaigonga ile ya kwanza, akachukua sili ya pili, akaipaka grisi nyingi mgongoni, akaigonga mahali pa lile ringi. Hii ya pili mdomo nje. Zikakaa mgongo kwa mgongo, moja inalinda pumzi ndani, nyingine inalinda maji nje.

Fundi Issa aliinuka, akaja akapapasa kwa kidole.

"Nani kakufundisha hii, mwanangu?"

"Mbwana," Shomari akasema. "Umemsikia mwenyewe."

Mbwana ndiye mimi. Fundi Issa akanigeukia, akasema, "Na wewe umemsemesha mwenzako anafunga."

Hayo tu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Injini zote mbili tulizipima kwa njia ya pale gerejini. Unaziba matundu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, unapachika mrija, unapiga pampu kidogo, unapaka povu la sabuni kwenye sili. Povu likitulia, kifua kizima. Likichemka, rudi mwanzo. Na ninyi fanyeni hivyo, acheni kuwasha injini kwanza ndipo mtafute kosa. Zote zilitulia. Zikaenda kwenye bamvua, zikavuta boriti, zikarudi. Nikapumua.

Kisha matope ya delta yakaanza kazi yake. Maji ya kule si maji, ni uji wa chumvi na mchanga. Ule uji unapanda kwenye krenki, unakula sili ya chini kwa nje, unaingia kwenye springi, springi inashika kutu na kukatika. Ndio uliokuwa unatuua miaka yote, ila tulidhani ni ubovu wa sili. Yangu, niliyoifunga kwa sheria zote, ilirudi kwenye gunia imenoki kabla ya masika. Ya Shomari haikurudi. Masika yakaja, yakaisha, haikurudi. Fundi Issa akampa mkono mbele ya watu, na Bwana Ramji akampakia kwenye lori na mkewe, na mkeka, na ule mti wake.

Kosa lilikuwa lake. Maelezo yalikuwa yangu. Mkono ukaenda kwake.

Na kuko huko Kiongoroni, kila akisifiwa kwa zile sili mbili, alikuwa anasema amefundishwa na Mbwana wa Kibiti. Mnajua watu walisema nini? Walisema, tazameni unyenyekevu wake. Wakampenda zaidi. Nami nilibaki Kibiti nafungua injini na kuziosha, Bwana Ramji akaleta fundi mwingine kutoka Dar es Salaam kufunga. Huyo sikumwonea wivu hata kidogo. Alikuwa mbovu.

Miaka ikapita, bado ni Mwingereza, ingawa watu walikuwa wameshaanza mikutano. Asubuhi moja Shomari alikuja kwangu mwenyewe. Alikuja na Nahodha Farijala, yule wa mafuta ya papa, na injini ya boti kubwa kuliko zote za Bwana Ramji. Farijala akaenda sokoni. Shomari akaingia uani kwangu, akakaa, hakugusa maji aliyopewa. Kisha akaitoa mikono yake ndani ya shuka alilojifunika na kuniwekea mbele.

Ilikuwa inatetemeka. Vile vidole virefu vilikuwa vinacheza vyenyewe, na alipovikunja vilicheza vikiwa vimekunjwa.

"Tangu niugue homa," akasema. "Nikishika sili naikata. Bwana Ramji akijua nitaondoka pale, na nyumba tunayokaa ni yake. Nifungie, Mbwana. Nimemwambia Farijala tumekuja kutafuta plagi, na kufunga nitafunga mwenyewe."

Niliifungua injini yake nikitafuta kosa. Nawaambia ukweli, nilitafuta mahali pote, kila beringi, kila gasketi. Hapakuwa na kosa, palikuwa na uchakavu tu. Ikabidi nifunge kama alivyofunga yeye, sili ya juu moja, za chini mbili mgongo kwa mgongo, karatasi, grisi, mti wake mwenyewe aliokuja nao. Alikaa kwenye mkeka ananitazama na hakusema neno mpaka boliti ya mwisho. Ndiyo mara ya kwanza nilinyamaziwa. Povu lilitulia.

Nikaenda nao mpaka kijitoni, nikisema nataka kuona boti. Tukaifunga injini nyuma, tukapanda sote, Farijala akavuta kamba, ikashika kwa mvuto mmoja. Akaiongeza, akaipunguza, akainamisha kichwa anasikiliza. Boti ilikuwa na mzigo na ilikuwa inakwenda dhidi ya maji, na sauti haikubadilika.

"Mkono wa Shomari huu," akaniambia, anacheka. "Nautambua hata nikiwa nimelala. Ungefunga wewe, Mbwana, saa hizi tunapiga kasia."

Neno lilikuwa ulimini kwangu. Neno moja tu, na nahodha ana mdomo, kabla ya jua kuchwa lingefika kwa Bwana Ramji. Mkono ungekuwa wangu, na Kiongoroni, na mkate wa kumimina. Lakini nilimtazama Farijala anavyosikiliza ile injini, uso umemkunjuka, nikajua nikimwambia tu ataanza kuisikia ina kasoro.

"Kweli, nahodha," nikasema.

Nikageuka nimwone Shomari kama amenisikia. Alikuwa amekaa mbele, mikono ameifunika kwa shuka. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu, iliyokuwa imetulia magotini na grisi yake, naye hakuweza kuiondolea macho. Jicho lile sikuhitaji kuambiwa ni la nini. Nilikuwa nimemtazama yeye hivyo hivyo tangu siku aliyoingia gereji.